William Herschel, mupiga muziki mwenye alisugua mukuba mpaka akaona miezi ya Saturne

Safari hii maisha yenye tunawaletea ni ya mutu mwenye alikufa zamani, mu mwaka 1822, na mwenye hakukanyaga Afrika hata siku moja. Lakini mikono yake ilijua mukuba sawa mikono yetu. Jina lake William Herschel. Kama mutoto wako alishakuonyesha ku simu foto ya kitu cha mviringo, cheupe, chenye tundu moja kubwa sana upande mumoja, sawa vile jicho linakuangalia, basi ulishaona Mimas. Ni mwezi mumoja wa Saturne, ile planeti yenye pete. Na lile tundu jina lake ni Herschel. Vijana mu cité wanazipenda hizo foto. Wanazitafuta usiku wakati konekisioni iko muzuri, wanazikuza, wanazitengeneza rangi, wanatumiana. Lakini ukiwauliza Herschel alikuwa nani, wananyamaza.

Alizaliwa tarehe 15 Novemba 1738 ku Hannover, mu inchi ya Wajerumani. Baba yake Isaac alikuwa anapiga hautbois mu fanfare ya askari. Watoto kumi walizaliwa mu ile nyumba, sita njo walikomaa. Feza ilikuwa kidogo, muziki ilikuwa mingi. William alisoma ku masomo ya watoto wa askari, na wakati alifikisha miaka 14 akaingia mu fanfare ya baba yake. Kalasi yake iliishia pale. Ninalisema mapema kusudi kila mutu alisikie: yule mwenye alikuja kufundisha Ulaya nzima habari za mbingu hakuingia université.

Mu mwaka 1757 vita ikakuja. Wafaransa waliwapiga watu wa Hannover ku Hastenbeck, na kijana wetu akalala usiku ndani ya mutaro, nguo imelowa. Baba yake mwenyewe aliona heri aondoke. Akavuka bahari pamoja na kaka yake Jakob mpaka Uingereza, mufuko mutupu. Watu wengine walisema baadaye kama alitoroka jeshi. Karatasi ya kumwachilia ilitoka 1762. Ku London alikuwa ananakili karatasi za muziki kwa mukono kusudi apate mukate. Kisha akapanda kaskazini, akafundisha fanfare ya milisi ya Durham, akapiga violon hapa, akafundisha watoto wa matajiri pale, safari ndefu juu ya farasi. Mwaka 1766 akapata kazi ya kupiga orgue ku Halifax, na mwaka uleule akaitwa ku Bath, muji wenye matajiri walikuwa wanakuja kuoga maji ya moto. Pale maisha yakatulia. Kanisa, wanafunzi, konseri. Feza ikaanza kuingia.

Sasa tumwingize mudogo wake Caroline, kwa sababu bila yeye habari hii inabaki nusu.

Caroline alizaliwa mwaka 1750. Wakati alikuwa na miaka kumi, ugonjwa wa tifusi ulimushika, akapona lakini hakurefuka tena: mpaka kufa kwake alikuwa na metre 1 na santimetre 30 hivi. Baba alimuambia wazi kama bwana hatapata, kwa sababu hana uzuri na hana mali. Mama yake aliamua mutoto huyu atakuwa wa kufua, kupika na kushona soksi za kaka zake, asisome kitu kingine. Baba alikuwa anamufundisha violon wakati mama ametoka. Mwaka 1772 William akarudi kumuchukua. Mama alikataa mpaka William aliahidi kutuma feza kila mwaka ya kulipa mutumishi wa kuchukua nafasi ya Caroline. Angalieni vizuri jambo hili. Siku ile njo ilijulikana kazi ya Caroline ilikuwa na bei. Mbele ya pale alikuwa anaifanya bure, na hakuna mutu aliita ile kazi.

Ku Bath William alimufundisha kuimba. Akaimba vizuri, mpaka mu 1778 watu wa Birmingham walimuomba aende kwao. Alikataa, kwa sababu hakutaka kuimba mbele ya mukubwa mwingine kuliko kaka yake. Mimi naona pale alipoteza bahati, lakini ni maisha yake.

Mu 1773 William alinunua kitabu cha Ferguson juu ya nyota. Miaka 34 alikuwa nayo, kazi ya muziki inamuchosha mpaka usiku, lakini alikuwa analala na kitabu ku kitanda. Alikodi telesikopi ndogo, akaona haitoshi. Akauliza bei ya kioo kikubwa ku London: haiwezekani kwa mupiga muziki. Basi akanunua vyombo vya mutu mumoja wa Bath mwenye alikuwa ameacha kusugua vioo, na akaanza kutengeneza vyake mwenyewe. Nyumba ikageuka ateliye. Mu saluni seremala anatengeneza bomba la telesikopi, mu chumba cha kulala ndugu yao Alexander ameweka mashini ya kuzungushia vyuma, na Caroline, mwenye alifikiri amekuja kuimba, anatembea juu ya vumbi la mbao.

Wasomaji wa Katanga, sikieni hapa. Kioo cha telesikopi ya zamani zile hakikuwa cha vere. Kilikuwa cha chuma cheupe chenye kuyeyushwa na sehemu mbili hivi za mukuba na sehemu moja ya étain, ile yenye inatoka mu kasiteriti sawa ya Manono. Ukichanganya vile, ule mukuba mwekundu unapoteza rangi yake, unakuwa mweupe kama feza, na mugumu sana. Lakini unavunjika sawa sahani. Kwa hiyo kazi ilikuwa tatu: kuyeyusha na kumwanga ndani ya kalibu, kuacha ipoe polepole isipasuke, kisha kusugua kwa mukono mpaka uso wake uwe na bonde dogo lenye halikosei hata unene wa unywele kugawanywa mara nyingi. Ukikosea kidogo, nyota inaonekana sawa doa la mafuta.

Ku mwisho wa kusugua huwezi kuacha. Ukiondoa mukono, kioo kinaharibika. Mara moja William alisugua saa 16 bila kuondoa mikono, na Caroline alikuwa anamuwekea vipande vya chakula ndani ya kinywa. Kusudi asilale, alikuwa anamusomea vitabu kwa sauti: habari za Don Quichotte, na hadisi za Waarabu za Usiku Elfu na Moja. Mukumbuke zile hadisi, tutazirudilia.

Tarehe 13 Machi 1781, usiku, mu bustani nyuma ya nyumba ku New King Street, William alikuwa anapima nyota moja kisha ingine na telesikopi ya kioo cha santimetre 16 hivi. Akaona moja yenye haikuwa sawa zingine. Nyota ni nukta. Hii ilikuwa na upana. Kisha siku ine akaona imesogea. Alifikiri ni comète na akaandika vile. Watu wenye hesabu, na zaidi Lexell kule Saint-Pétersbourg, njo walionyesha kama inazunguka jua mbali sana kuliko Saturne. Ilikuwa planeti mupya. Toka watu wa kwanza, kila mutu alijua zile tano zenye jicho linaona, na hakuna mutu alikuwa ameongeza hata moja. Mupiga orgue wa Bath akaongeza. Yeye alitaka iitwe nyota ya mufalme George, na hapo ninamuelewa, alikuwa anatafuta musharara. Inchi zingine zilikataa. Bode wa Berlin akapendekeza Uranus, na jina hilo njo lilibaki.

Mu mwaka 1789 Klaproth, mutu wa kemi wa Berlin, alipata chuma kipya ndani ya jiwe moja jeusi na zito. Kwa kuheshimu ile planeti mupya akakiita uranium. Mwaka 1915 jiwe la namna ile lilionekana Shinkolobwe, karibu na Likasi, na dunia nzima inajua madini yale yalifanya nini 1945 ku Japani. Kwa hiyo jina lenye wazee wetu walibeba ku mugongo ndani ya mifuko, bila kuambiwa ni kitu gani, lilizaliwa mu bustani ya Bath. Herschel mwenyewe hana kosa pale. Lakini mutu wa Shinkolobwe ana haki ya kujua jina la jiwe lake lilitoka wapi.

Turudi ku Bath. Mu mwezi wa Agosti 1781 William alitaka kioo cha upana wa karibu metre moja. Fonderi ya kufanya kitu kile haikuwa mu muji, basi akajenga tanuru mu chumba cha chini cha nyumba yake. Kalibu ilitengenezwa na udongo wenye kuchanganywa na mavi ya farasi yenye kukauka, mingi sana, na Caroline njo alikuwa anayatwanga ndani ya kinu na kuyachunga. Mara ya kwanza kalibu ilivuja na kioo kikapasuka wakati wa kupoa. Mara ya pili, chini ya tanuru pakatoboka. Mukuba na étain, karibu kilo 240, vikaanza kumwangika ndani ya moto na kisha juu ya mawe ya chini. Kila mutu wa fonderi anajua chenye kinafuata: unyevu wenye kuwa ndani ya jiwe unageuka mvuke mara moja. Mawe yalipasuka kama baruti, vipande vikaruka mpaka ku plafond. William, Alexander na wafanyakazi wakakimbilia milango ya pande mbili. William akaanguka juu ya rundo la matofali, pumzi imekwisha. Hakuna mwenye alikufa. Kofia ya kazi hapana, botte hapana, mulango wa pili njo uliwaokoa. Miaka yenye ninafuata maneno ya usalama ku kazi, mulango wa pili njo neno la kwanza lenye ninauliza popote.

Mwaka 1782 mufalme alimupa pauni 200 kwa mwaka kusudi aache muziki na akae karibu na Windsor kuonyesha jamaa ya mufalme nyota. Watu walimupongeza. Lakini piga hesabu: ku muziki alikuwa anapata karibu mara mbili ya pale. Alikubali kupunguzwa nusu kusudi afanye kazi yenye alipenda, na tofauti akaijaza kwa kutengeneza telesikopi za kuuza, mamia ya vioo. Mukubwa alijua kama mutu akipenda kazi sana, anaweza kumulipa kidogo. Desturi ile haijazeeka.

Walihamia Datchet, karibu na muto Thames, nyumba mbaya, maji yakipanda yanafika ndani ya bustani. Kulikuwa homa ya mabwawa, ndugu ya malaria yetu, na William alikuwa anajisugua kitunguu kibichi ku uso na mikono kusudi imukimbie. Kila usiku wa mbingu safi ilikuwa poste ya usiku. William juu ya ngazi, jicho ku telesikopi, anapaza sauti kusema chenye anaona. Caroline ndani, ku dirisha, na taa, saa na kalamu, anaandika na kusoma hesabu. Mu baridi kali wino ulikuwa unaganda. Kwa miaka 20 walikusanya karibu vitu 2.500, yale mawingu ya mwangaza na mafungu ya nyota, mu katalogi. Asubuhi William analala, Caroline anaandika safi na kupiga hesabu.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 1783 njo aksida. Theluji ilikuwa imefunika chini. Mbingu ikafunguka, William akapaza sauti Caroline akimbie kugeuza mashini. Alikimbia, akateleza, na kulabu ya chuma yenye ilikuwa imefichwa na theluji ikaingia mu muguu wake juu ya goti. William anamuita ajihimize, naye anajibu kama amenaswa. Walipomutoa, kipande cha nyama yake kilibaki ku kulabu. Alijifunga mwenyewe siku za kwanza. Munganga mumoja akasikia, akaleta dawa, na akasema kama askari angepata kidonda kile, angekuwa na haki ya majuma sita ya lopitali. Caroline aliliandika lile neno mu daftari yake, na nadhani hakuliandika bure. Yeye hakuwa askari. Hakuwa na kontra, hakuwa na musharara, na wasiwasi yake kubwa ilikuwa kama mbingu ya usiku ule ilipotea. Kwa bahati mawingu yalirudi.

Kisha ikaja telesikopi kubwa ya Slough, yenye kujulikana dunia nzima. Bomba la chuma la metre 12, kioo cha metre 1 na santimetre 20, mbao za kuishika zenye kupanda sawa nyumba ya gorofa tano. Mufalme alitoa pauni 4.000, kwa mafungu mawili, na fungu la pili kwa kununa. Kioo cha kwanza kilikuwa chembamba sana, kinajipinda kwa uzito wake. Mwaka 1788 wakamwanga kingine, kikapasuka wakati wa kupoa; wakaongeza mukuba, wakamwanga tena, na hicho cha karibu tone moja kikakubali. Wanaume kumi na wawili, kumi na wane, walikuwa wanakisugua kila siku. Majina yao hayakuandikwa popote kwenye mutu anaweza kuyapata haraka. Mbele ya kuweka kioo, watu wakubwa walikuwa wanakuja kutembea ndani ya bomba; mufalme mwenyewe alimushika askofu mukuu wa Canterbury mukono, akamuchekea kama anamuonyesha njia ya mbinguni.

Tarehe 28 Agosti 1789 William aligeuza ile kitu kubwa juu ya Saturne. Mwaka ule ulikuwa wa bahati. Kila miaka 15 hivi, pete ya Saturne inatugeukia upande wa ukali wake, sawa unashika sahani mbele ya macho: inabaki musitari mwembamba, mwangaza wake hauchomi tena jicho, na vitu vidogo vya karibu vinajionyesha. Mwaka 2025 ilifanyika vile tena. Watu walikuwa wanajua miezi mitano ya Saturne: mumoja mukubwa wenye Huygens aliona 1655, na mine yenye Cassini aliona kati ya 1671 na 1684. Karibu miaka mia moja hakuna mwenye aliongeza. William akaona wa sita ukitembea ku musitari wa pete. Tarehe 17 Septemba akaona wa saba, karibu zaidi. Majina yalikuja nyuma, mu 1847, kwa mukono wa mutoto wake John: Encelade na Mimas.

Kwa William, ilikuwa nukta mbili za mwangaza. Hakuna kingine. Alikufa bila kujua ni vitu vya namna gani. Chombo Voyager 1 kilipita mu Novemba 1980, na foto ya Mimas ikaonyesha lile tundu. Mimas ina upana wa kilomita 396 hivi, zaidi ya njia ya Lubumbashi mpaka Kolwezi. Tundu peke yake ni kilomita 130 hivi, zaidi kidogo ya Lubumbashi mpaka Likasi. Jiwe kubwa liliigonga zamani, na kidogo tu ingevunjika yote. Mu 2024 wataalamu wa Paris walisema namna yenye inatikisika inaonyesha kuna maji chini ya barafu yake.

Encelade njo ilishangaza zaidi. Chombo Cassini kilifika ku Saturne mu Julai 2004 na kikakaa miaka 13. Mwaka 2005 kilikuta upande wa kusini wa ule mwezi mudogo, kilomita 504 tu, kuna nyufa ndefu ine sawa mistari ya chui milia, na ndani ya nyufa zile mvuke wa maji na barafu unaruka mu anga bila kuacha. Cassini kilipita ndani ya ule mvuke na kuonja: maji, chumvi, baadaye hidrojeni. Chini ya barafu kuna bahari. Na zile nyufa ine zinaitwa Bagdad, Damas, Caire na Alexandrie, matundu yake Ali Baba, Aladin na wenzao, kwa sababu wenye kutoa majina walichagua hadisi za Usiku Elfu na Moja. Caroline alizisoma kwa sauti wakati mukuba unasuguliwa.

Foto zile zilitoka mu Cassini na kuwekwa ku intaneti vile zilivyo, bila kutengenezwa, kusudi kila mutu azichukue. Fundi wa umeme, mwalimu, mwanafunzi, mutu wa retrete, walianza kuzitengeneza nyumbani, kuunganisha picha tatu za rangi ya kijivu kupata moja ya rangi, na zingine zilipita uzuri za watu wenye kulipwa. Mimi mwenyewe nimeangalia ile mivuke ya Encelade ku simu yenye kioo chake kimepasuka, kisha poste ya usiku, na nikawaza tu: mupiga muziki mumoja aliona hii.

Alikuwa anakosea pia. Aliamini kama watu wanaishi ku mwezi, na hata ndani ya jua, chini ya mawingu ya moto. Aliandika vile bila haya. Lakini mu 1800, wakati anapima joto ya kila rangi ya mwangaza wa jua na termometre, aliweka moja kando ya nyekundu, pale jicho halioni rangi tena. Ile njo ilipanda zaidi. Alikuwa amepata mwangaza usioonekana wa joto, na ni kwa mwangaza ule Cassini kilijua zile nyufa za Encelade zina joto kuliko barafu ya kando.

Mwaka 1787 William aliandika ombi kwa watu wa mufalme, na ndani yake akaweka Caroline. Alipewa pauni 50 kwa mwaka. Miaka 15 toka atoke Hannover, feza ya kwanza yenye alihesabu kuwa yake kabisa. Mu Uingereza hakuna mwanamuke alikuwa amelipwa mbele kwa kazi ya sayansi. Wakati ule alikuwa ameshapata comète yake ya kwanza, tarehe 1 Agosti 1786, peke yake, kaka yake akiwa safarini. Alipata nane kwa jumla. Mwaka 1788 William alioa mujane wa jirani, Mary Pitt, na Caroline akatoka mu nyumba yenye alikuwa anaongoza, akapangisha vyumba, akawa anakuja ku kazi na kurudi. Daftari za miaka kumi ya pale aliziharibu mwenyewe. Baadaye alipatana na shemeji yake, na alimupenda sana mutoto wao John.

Telesikopi kubwa ilizeeka haraka. Mukuba mwingi ndani ya kioo ulikuwa unakitia kutu, inafaa kusugua tena na tena, na William alirudilia ile ya kati ya metre sita yenye ilikuwa inamutii. Siku moja, wakati walikuwa wanateremusha kioo, boriti ilivunjika, na yeye na Alexander walikosa kusagwa kwa bahati tu. Alikufa ku Slough tarehe 25 Agosti 1822, na miaka 83. Uranus inachukua miaka 84 kuzunguka jua mara moja.

Caroline alirudi Hannover. Alimaliza kupanga ile katalogi yote kwa ajili ya John, na mu 1828 chama cha wanasayansi wa nyota cha London kilimupa medali ya zahabu. Kule aliishi miaka 25 kisha kufa kwa William, analalamika kama nyumba za Hannover zinamufichia mbingu. Alikufa tarehe 9 Januari 1848, na miaka 97. Ndani ya sanduku lake waliweka, sawa vile alikuwa ameagiza, almanaki ya zamani ya baba yake na unywele kidogo wa William.